Samaki Aliyerudishwa Majini

Sisi tunaoandika hapa ni wale wazee mnaotuona kila jioni chini ya mwembe karibu na bomba la maji, wale ambao watoto wanatuita "chama cha wavuvi wasio na ziwa". Jina hilo halitukasirishi, maana ni kweli. Tuko saba. Watano tulitoka Baraka na Mboko, mmoja Kazimia, na mmoja Kalemie, ambaye hatumwamini sana kwa habari za urefu wa samaki. Wote tulikuwa watu wa maji. Tuliingia Kigoma kwa mitumbwi mwaka 1996, wengine wetu tukakaa kwanza Lugufu mpaka ilipofungwa mwaka 2009, na sasa wote tuko hapa Nyarugusu, ambapo maji tunayoyaona ni yale ya kwenye ndoo.

Mwezi huu tumeomba nafasi katika jarida ili tuwaeleze ugomvi uliotupata kwa sababu ya samaki mmoja. Wengine mmeshausikia nusu nusu kwenye foleni ya mgao, na mmeuongezea chumvi. Basi usikieni kwetu wenyewe.

Mwenzetu mmoja wa Mboko ana kijana ambaye yuko Marekani. Kijana huyo alizaliwa hapa hapa kambini. Ziwa Tanganyika hajawahi kuliona hata siku moja. Lakini alipokuwa mdogo baba yake alikuwa anakaa naye mlangoni jioni, anamfundisha kufunga ndoano kwa uzi wa gunia, anamfundisha fundo la samaki mkubwa na fundo la samaki mdogo. Sisi tulikuwa tunamcheka. Tulimwambia, mwenzetu, unamfundisha mtoto kuogelea kwenye mchanga. Yeye hakujibu, aliendelea tu. Mwaka 2016 faili la kijana na mke wake likatenganishwa na la wazazi, wakasafiri. Wako katika jimbo la Georgia, mji wa Clarkston, jirani na Atlanta, mahali ambapo wakimbizi wa nchi nyingi wamewekwa. Anafanya kazi katika kiwanda cha kuku.

Siku moja ya mwaka 2025 simu ya mwenzetu ikalia. Picha. Kijana amesimama kando ya maji, amevaa kofia, ameshika samaki kwa mdomo wa chini, kwa kidole gumba. Samaki wa kijani, tumbo nene, mstari mweusi ubavuni, na mdomo uliopasuka mpaka nyuma ya jicho. Tuliipitisha ile simu mkono kwa mkono. Kweli tulifurahi! Yule wa Kazimia alisema mdomo ule ni wa sangala kabisa. Mwingine akasema hapana, macho yako mbele mno. Mwenzetu wa Mboko alikuwa kimya lakini shingo ilikuwa imesimama kama ya jogoo.

Chini ya picha kulikuwa na ujumbe wa sauti wa dakika nne. Akaufungua sote tusikie. Kijana anasalimu, anataja kila mtu kwa jina, anasema samaki huyu anaitwa besi, wenyeji wanampenda kuliko samaki wote, huyu amepimwa ratili nane, kama kilo tatu na nusu hivi, na watu waliokuwa karibu walikuja kumpiga picha kwa sababu wa ukubwa huo si wa kila siku. Halafu akasema: "Kisha nikamurudisha mu maji, Papa, akaenda zake."

Mwenzetu akaizima simu hapo hapo.

"Kilo tatu na nusu," akasema. "Unamurudisha mu maji? Ule mutoto amepotea."

Akaondoka bila kuaga. Siku hizo jueni hali ilivyokuwa. Mgao ulipunguzwa mwaka 2023, na mama wa kijana alikuwa anapika mara moja kwa siku. Pia faili la wazazi hawa lilikuwa limefika mbali, walishafanya na vipimo vya afya, Marekani ikasimamisha kupokea wakimbizi Januari 2025. Basi mtu mwenye mzigo huo ndiye aliyesikia kwamba mwanawe amemtupa samaki mzima. Zilipita wiki mbili hajamjibu kijana. Simu ilikuwa inalia, anaiangalia, anaigeuza kifudifudi.

Sisi tuliobaki chini ya mwembe tuligawanyika. Watatu tulisema mzee ana haki, chakula hakitupwi. Wawili walisema labda kuna sheria. Yule wa Kalemie alisema yeye mwenyewe aliwahi kurudisha sangala mrefu kuliko mlango, kwa huruma. Hatukumjibu. Mwisho tukakubaliana tumpigie kijana sisi wenyewe kwa simu ya jirani, tumuulize kama wavuvi wanavyoulizana, bila hasira. Ndiyo tukapata habari ambazo hatukuzitegemea, kwa sababu yule kijana anafanya kazi na mzee mmoja wa huko, mzaliwa wa Georgia, ambaye ndiye anayempeleka kuvua siku za mapumziko, na mzee huyo kichwa chake kimejaa habari za besi kama cha kwetu kilivyojaa ndagala. Kijana alitueleza kwa jioni tatu, kila akitoka kazini, huku kwetu ni usiku.

Kwanza sheria. Huko huvui bila leseni, na leseni inanunuliwa. Wengi wao wanavua kwa kuchezea tu, kama mpira. Wanampata, wanampima, picha, wanamrudisha. Wanasema besi mkubwa karibu kila mara ni jike, na ukimrudisha mzima ataleta mayai tena. Hilo tulilielewa. Hata kwetu mvuvi mwenye akili alikuwa anajua mahali ambapo kuhe wanalinda watoto wao, dume na jike pamoja, na alikuwa anapita mbali. Si wote, tusidanganyane. Wengine walikuwa wanaingia pale pale.

Halafu akatusimulia samaki wa California. Habari hii ndiyo iliyotuchelewesha kulala.

Kuna ziwa dogo linaitwa Dixon, katika mji wa Escondido. Ni bwawa la kutengenezwa, ekari sabini na kitu, yaani hata ghuba ya Mboko ni kubwa. Ndani yake alikuwemo besi jike mmoja mwenye doa jeusi chini ya shavu, na kwa sababu ya doa hilo walimpa jina, Dottie. Alivuliwa mara ya kwanza mwaka 2001 akiwa na ratili karibu 21, akarudishwa. Mwaka 2003 mtu mwingine akamvua, amefikia karibu 22, akarudishwa tena. Alinenepa hivyo kwa sababu gani? Kwa sababu katika mabwawa ya huko wanamwaga samaki wengine wanaoitwa trauti, wa kufugwa, ili wavuvi wapate cha kuvua, na besi anawasubiri chini. Gari inakuja, inamwaga, yeye anakula.

"Huyo ni samaki wa mgao," akasema wa Kazimia. Tulicheka mpaka jirani akatugongea bati.

Tarehe 20 Machi 2006 mvuvi mmoja jina lake Mac Weakley alikuwa katika bwawa hilo na rafiki zake wawili. Walimwona yule jike yuko kwenye kiota, maji meupe, wanamwona kabisa. Wakatupa chambo bandia cheupe, mara nyingi, anakisogelea, anakikataa. Mara mshipi ukakaza, Weakley akavuta. Wakampima kwa mizani ya mkononi: ratili 25 na wakia 1, zaidi ya kilo 11. Wasomaji, rekodi ya dunia wakati huo ilikuwa ratili 22 na wakia 4, na ilikuwa imekaa miaka 73 bila kuvunjwa. Watu walikuwa wanasema atakayeivunja anaweza kupata hata dola milioni kwa matangazo ya makampuni.

Lakini ndoano haikuwa mdomoni. Ilikuwa imemkamata ubavuni.

Sheria ya California inasema samaki lazima aume mwenyewe. Ukimkamata nje ya mdomo, humwui, humbebi, unamrudisha. Weakley akapiga picha, akamrudisha. Urefu hawakupima. Baadaye akasema hataomba rekodi.

Nchi nzima ya wavuvi ikagombana, kijana alisema. Wengine wakasema ni mwongo, mizani yake haikukaguliwa. Wengine wakasema alimkamata ubavuni kwa makusudi. Wengine wakamsifu kuwa amekataa utajiri kwa heshima ya mchezo. Na wengine wakalia tu kwamba samaki wa namna ile hakupimwa na kamba. Sisi pia tuligombana, miaka karibu ishirini baadaye, chini ya mwembe, usiku, kuhusu samaki ambaye hakuna aliyemwona. Yule wa Kalemie alikuwa upande wa Weakley moja kwa moja. Alisema mtu mwongo angesema ndoano ilikuwa mdomoni, nani angejua? Kwa mara ya kwanza tulikubali maneno yake. Ila mmoja wetu aliuliza swali ambalo lilitunyamazisha: kama yule jike alikuwa kwenye kiota, na wamemkokota, wamempima, wamempiga picha, je, mayai yake nani aliyalinda wakati huo? Kijana alisema kwa besi mlinzi wa mayai ni dume. Basi, kidogo tukapumua.

Mwezi wa Mei 2008 Dottie alikutwa anaelea, amekufa. Walimjua kwa lile doa. Ratili 19 tu zilikuwa zimebaki.

"Hakuna aliyekula," mmoja wetu akasema. Hakuna.

Kuna na wa Japani, huyu tumtaje haraka. Manabu Kurita, tarehe 2 Julai 2009, Ziwa Biwa, samaki hai ndiye aliyekuwa chambo, akapata besi wa kilo 10 na gramu kama 120. Alizidi rekodi ya zamani kwa wakia moja hivi, na sheria ya shirika la kimataifa la uvuvi wa mchezo inataka uzidi kwa wakia mbili. Wakamhoji, wakamweka mpaka kwenye mashine ya kupima uongo, maana palikuwa na maneno kuhusu mahali alipovulia. Januari 2010 ndipo wakasema sawa, umelingana na wa zamani, hukumshinda. Hapo sote tulipiga makofi kwa kicheko. Hata samaki anafanyiwa intavyuu! Maswali yale yale mara nne, na mwisho unaambiwa umelingana. Na huko Biwa, kijana alisema, besi ni samaki wa kuletwa, si mwenyeji, anamaliza samaki wa ziwa, na tangu mwaka 2003 mkoa ule umekataza kumrudisha majini ukimkamata. Maneno hayo yalituacha tukitazamana, ila hatukuyaendeleza. Samaki ni samaki.

Sasa tufike kwa mwenye rekodi yenyewe, maana kwa huyu ndipo mwenzetu wa Mboko alirudi chini ya mwembe. Hakuja kwa sababu tumemwita. Alikuwa anapita na ndoo, akasikia sauti ya mwanawe kwenye simu ya jirani, akasimama nyuma yetu. Tulimwona, tukajifanya hatujamwona.

Kijana alikuwa anasema hivi. Mwaka 1932 Marekani yenyewe ilikuwa katika njaa na umaskini mkubwa, kazi hakuna. Huko huko Georgia alikuwepo kijana mkulima wa miaka 20, George Perry. Baba yake alishafariki, yeye ndiye aliyekuwa analisha mama na wadogo. Tarehe 2 Juni mvua ilinyesha, shamba halilimiki, akasema basi twende kuvua. Yeye na rafiki yake mmoja, fimbo moja ya kuvulia, chambo bandia kimoja, wanapokezana. Walikwenda Montgomery, ziwa dogo lililoachwa na mto Ocmulgee ulipobadilisha njia. Perry akatupa karibu na gogo. Maji yakachemka, akavuta, akafikiri amekamata mti. Halafu mti ukatembea.

Walimpeleka mji mdogo wa Helena, dukani, palipokuwa na posta na mizani. Ratili 22, wakia 4. Urefu sentimita 82 na nusu, kiuno sentimita 72. Watu wakajaa. Mtu mmoja akamwambia kuna jarida linaitwa Field & Stream lina mashindano, peleka vipimo. Akapeleka, akashinda bidhaa za thamani ya dola 75. Na samaki?

"Walimukula," kijana akasema. "Alimubeba nyumbani, mama yake akamupika. Walikula mara mbili, nyumba nzima, watu sita."

Nyuma yetu ndoo ikawekwa chini.

"Rudia," akasema mwenzetu.

Kimya kwenye simu. Kijana aliijua sauti. "Walimukula, Papa."

"Na rekodi wakamupa?"

"Wakamupa. Mpaka leo jina lake liko. Yeye na ule wa Japani."

"Huyo njo muvuvi," akasema mzee. Kisha akachukua ndoo yake akaenda.

Tuseme ukweli, tulitegemea atazungumza na mtoto. Tulikasirika kidogo. Lakini sisi tunajua jambo moja ambalo kijana halijui, na baba yake ametupa ruhusa liandikwe hapa. Usiku tuliovuka mwaka 1996, mtumbwi ule ulikuwa wake. Ndani zilikuwa nyavu zake zote, mpya, alizozinunua kwa mkopo, na karabai tatu, na sangala mmoja mkubwa aliyempata alfajiri ile kabla risasi hazijaanza. Ufukoni watu walikuwa wanaingia majini mpaka kifuani wakishika ukingo wa mtumbwi. Alitupa nyavu. Akatupa karabai. Tukaingia watu kumi na wanane, na watatu kati yetu tunaoandika hapa tulikuwa humo. Sangala hakumtupa. Tulimkalia usiku kucha, na tulipofika upande wa Kigoma yeye ndiye aliyetulisha wote siku ya kwanza ya ukimbizi, bila chumvi. Nyavu mpaka leo hajapata nyingine. Ndiyo maana neno "nikamrudisha" lilimwingia vile.

Siku iliyofuata mama wa kijana alikuja mwenyewe chini ya mwembe, jambo ambalo halifanyi. Alikuwa na ile simu mkononi. Akatuambia, "Ninyi wazee mnapiga kelele kila usiku, kuna mmoja aliyesikiliza huu ujumbe mpaka mwisho?" Hakuna. Mzee alizima katikati, mnakumbuka, na sisi tulianza kubishana kabla mshipi haujakauka. Mama aliubonyeza. Ukapita pale pa kumrudisha, ukaendelea. Kijana anasema yule mzee wa kazini ndiye aliyemshauri kwa kuwa samaki alikuwa na mayai, na kwamba yeye roho ilimuuma, akasimama anaangalia maji muda mrefu. Halafu anasema: "Papa, fundo ni lile lako. La samaki mkubwa. Wenzangu walinunua kitu cha kufungia dukani, ya kwao ikakatika mara mbili. Ya kwangu haikukatika."

Mama akaizima. "Sasa mwiteni mwenzenu," akasema.

Aliitwa. Alisikiliza amesimama, mkono mmoja kwenye mti. Alirudisha mwisho ule mara mbili kwa kidole chake mwenyewe, na yeye simu hizi huwa anashikiwa na wajukuu. Kisha akabonyeza pa kuongea, akaanza bila salamu, kama mtu anayeendeleza mazungumzo ya jana. Maji yalikuwa na kina gani? Alivuta chini au pembeni? Uzi una unene gani? Ulimpa uzi au ulimshikilia? Chambo kilikuwa cha rangi gani? Akamwambia kwamba samaki wa mdomo mpana usimvute haraka, mwache ageuke kwanza. Alisema mengi mpaka salio likaisha katikati ya neno. Tukachanga vocha.

Majibu yalikuja yote, na swali pia: kijana anataka kwenda siku moja kuona mahali pa Perry, ni mwendo wa masaa kama matatu kwa gari, ingawa wanamwambia ziwa lenyewe limejaa matope, hakuna cha kuona. Baba alimjibu aende.

Jumapili ya juzi imekuja picha nyingine. Safari hii hakuna maji wala kofia. Ni meza, sahani, ugali mweupe, na besi wa kilo moja hivi, amekatwa vipande viwili vya minofu bila mfupa, amekaangwa na unga juu kama maandazi, na mke wa kijana anacheka pembeni. Tuliipitisha simu mkono kwa mkono kama mara ya kwanza. Wa Kalemie akasema yeye aliwahi kula wa namna hiyo, mkubwa zaidi. Simu ikafika kwa mwenzetu wa Mboko. Akaisogeza karibu na macho, akaigeuza huku na huku, akaangalia kila pembe ya ile meza. Akabonyeza pa kuongea.

"Kichwa kiko wapi?"

Mpaka tunaandika haya, bado tunasubiri jibu.